Azalia Dodoma: tuta, chungu, au ua jingine kabisa?

Mama mmoja anauza miche kando ya barabara ninayopita kwenda kazini. Siku nilipoiona azalia kwake kwa mara ya kwanza, ilikuwa imefunikwa na maua ya pinki mpaka majani hayaonekani. Nikamwamkia, na kabla hajamaliza kuitikia nikawa nimeshauliza bei. "Marahaba, mwanangu," akasema, "lakini hili ni ua la kule milimani Lushoto. Dodoma limekuja kutembea tu." Nikacheka, nikalipa, nikaondoka nalo. Ilikuwa Juni. Ilipofika Oktoba lilikuwa limebaki vijiti na majani manne ya manjano.

Mpaka sasa nimezika azalia mbili. Ya tatu ninayo, inaingia mwaka wa nne. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kama azalia inaota Dodoma, sijibu ndiyo wala hapana. Nawauliza: maji ya mvua unayahifadhi wapi? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama upande kwenye tuta, kwenye chungu, au uiache kwa amani na kuchukua ua lililozoea ukame. Njia hizo tatu nimezijaribu zote, na hapa naziweka kwenye mizani moja.

Vigezo kwanza

Azalia ni kichaka cha maua cha jamii ya rododendroni. Za mwituni nyingi ni za Asia na Amerika Kaskazini, hasa vilima vyenye ubaridi na udongo wa majani yaliyooza. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kavu", na sijui mashahidi wa jina hilo walikuwa akina nani, maana ua lenyewe likikaushwa siku mbili za jua la Novemba hulisamehe kwa shida. Mambo yafuatayo ndiyo ya kupima.

Maji, na hapa sisemi wingi tu. Azalia inataka maji yasiyo na chokaa. Maji mengi ya visima vya huku ni magumu. Kama birika lako lina ukoko mweupe ndani, huna haja ya maabara. Chokaa hiyo unaimwaga kwenye udongo kila unapomwagilia, na kidogo kidogo uchachu unaisha.

Udongo. Azalia inahitaji udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unapanda) kati ya 4.5 na 6. Ikipanda zaidi ya hapo, madini ya chuma yanakuwepo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Ni kama kukaa na njaa jikoni, ufunguo wa kabati umepotea.

Jua, joto na upepo. Mizizi ya azalia ni nyembamba kama nywele na hukaa juu juu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 30 za kwanza. Upepo wetu wa Julai mpaka Oktoba huikausha haraka kuliko jua lenyewe.

Kazi. Una dakika kumi kila siku, au una Jumamosi moja moja? Unasafiri? Nani anabaki nyumbani?

Maua. Azalia hutengeneza vichomozo vya maua, kisha hutaka wiki kadhaa za baridi ya kweli ili vifunguke kwa pamoja. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi karibu nyuzi 14. Haitoshi sana. Ukiiona imechanua kitaluni imejaa vile, jua kwamba baridi iliyoifanya hivyo iliipata kwingine.

Usalama. Azalia ni sumu kuanzia jani mpaka ua, na Dodoma ni mji wa mbuzi. Mbuzi mmoja akiingia getini akala majani, utakuwa na kesi na jirani.

Njia ya kwanza: azalia kwenye tuta la kuinuliwa

Hii ndiyo inayotoa kichaka cha kweli, kile cha kupiga nacho picha siku ya sikukuu. Pia ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote.

Udongo. Usichimbe shimo kwenye udongo wa kiwanja ukalijaza udongo mzuri. Nilifanya hivyo na azalia ya pili. Kwenye udongo mweusi wa mbuga shimo lile linageuka bakuli, mvua za Januari zikaja, maji yakakaa, mizizi ikaoza. Inua tuta la sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi. Kwa vichaka vitatu, tuta la mita tatu kwa moja linakula karibu mita moja ya ujazo ya udongo. Mimi huchanganya mboji ya majani iliyooza vizuri, makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuloweshwa kisha kusuuzwa chumvi, na mchanga wa chengachenga, sehemu sawa sawa. Kingo zake zijenge kwa mawe ya graniti, ambayo Dodoma hatujawahi kuyapungukiwa, au kwa mbao. Matofali ya saruji yaache: yanatoa chokaa polepole, na utakuwa unapigana na ukuta wako mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo usipande chini ya ukuta wa nyumba mpya ya Iyumbu au Nzuguni, mahali mafundi walipochanganyia zege na kumwaga mabaki.

Kushusha pH kuna dawa ambayo wakulima wa zabibu wanayo tayari stoo: salfa ya unga, ile ya kuzuia ubwiri unga. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa tindikali, ila wanahitaji unyevu na muda. Nyunyiza kiganja kimoja kwa mita mraba, changanya, mwagilia, kaa miezi miwili au mitatu, kisha pima tena kabla ya kuongeza. Anayetaka majibu wiki ijayo atazidisha na kuunguza mizizi.

Maji. Hesabu yangu ni hii: kichaka kimoja lita 8, mara tatu kwa wiki. Vichaka vitatu vinatumia lita 72 kwa wiki. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni wiki 30 hivi, yaani zaidi ya lita 2,100 za maji ya mvua. Simtanki ya lita 1,000 haifiki hata nusu ya safari. Habari njema ni kwamba paa si haba: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja, kwa hiyo paa la mita mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 linakuletea kama lita 600. Mvua ipo, kuanzia Desemba hadi Aprili. Pa kuihifadhi ndipo pagumu.

Jua na upepo. Upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli. Upande wa upepo weka neti ya kivuli au ua wa miti. Chini weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina. Sindano za misindano ndizo bora. Ukipata mtu anayetoka Mufindi mwambie akuletee kiroba. Usipopata, pumba za mpunga zinafaa, lakini kagua mchwa kila wiki.

Kazi. Mwanzo ni kubwa, baadaye si nyingi. Jembe lisiingie humo. Magugu yang'oe kwa mkono.

Maua. Tuta lenye afya huchanua kidogo kidogo, mara nyingi baada ya miezi ya baridi. Pogoa mara tu maua yanaponyauka. Ukichelewa miezi mitatu minne unakata maua ya mwaka ujao bila kujua.

Inamfaa nani: mwenye nyumba yake, anayekaa hapohapo, mwenye tangi kubwa la mvua na uzio usiopitisha mbuzi. Mpangaji aliyehamishiwa kikazi Mtumba, mji wa Serikali, kwa miaka miwili asijisumbue, labda kama anampenda sana mwenye nyumba.

Njia ya pili: azalia kwenye chungu

Huku ndiko azalia yangu ya tatu inakoishi, barazani.

Maji. Chungu cha upana wa sentimita 30 kivulini kinakunywa kadiri lita moja kwa siku wakati wa kiangazi. Siku 214 za Mei hadi Novemba ni lita 214. Kwa hiyo simtanki ile ile ya lita 1,000, isiyotosha tuta, inalisha vyungu vinne na chenji inabaki. Ndiyo maana nasema swali ni la maji. Hata asiye na simtanki anaweza: madumu kumi ya lita 20 yaliyojazwa Machi, yakafungwa, yakawekwa gizani yasiote ukijani, yanakaribia kutosha chungu kimoja.

Maji yakiisha Oktoba, zipo njia za kuvukia. Chemsha maji ya bomba, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina ya juu. Sehemu ya chokaa itabaki chini. Mkaa ukiwa ghali, weka vijiko viwili vya siki kwenye ndoo ya lita 10. Ni dawa ya kuvukia msimu, isiwe desturi. Maji ya kuoshea mchele ruksa. Maji ya vyombo au ya kufulia, hapana; sabuni ni adui yake.

Udongo. Mchanganyiko ni ule wa tuta, ila usishindilie. Sehemu ya juu ya fundo la mizizi ibaki usawa wa udongo au juu yake kidogo. Ukilizika, shina linaoza. Chungu kiwe na matundu. Kile cha udongo wa kuchoma kinapoza mizizi lakini kinakauka haraka, cha plastiki kinatunza unyevu lakini kikipigwa na jua kinachemka. Mimi naweka cha plastiki ndani ya kile cha udongo na najiona mjanja.

Jua na upepo. Hapa chungu kinashinda tuta waziwazi, kwa sababu kinahama. Julai upepo ukianza kukipiga nakisogeza nyuma ya nguzo. Desemba mvua zikianza nakitoa nje kioshwe. Mvua nzuri inasukuma chini chumvi iliyojikusanya.

Kazi. Ni ya kila siku, na hakuna kuahirisha. Ukisafiri wiki moja bila kumkabidhi mtu, ukirudi utakuta kuni. Aliyekabidhiwa naye mwonyeshe dumu la mvua kwa kidole, usimwelekeze kwa maneno tu. Binamu yangu alimwagilia ya kisima wiki tatu kwa moyo safi kabisa.

Kosa la kawaida la chungu ni hili: udongo ukikauka kabisa hukataa maji. Unamimina, yanapita pembeni na kutoka chini, unadhani umemwagilia. Inua chungu, kikiwa chepesi, kizamishe kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, kama nusu saa, kisha kiache maji yachuruzike.

Maua. Machache. Yangu ilitoa kumi na moja mwaka jana na niliwaita majirani.

Usalama. Kiweke juu ya meza au ukuta, mbali na watoto wanaoonja kila kitu.

Inamfaa nani: mpangaji, mkaa ghorofani, mstaafu mwenye asubuhi tulivu, na yeyote anayetaka kujifunza kabla ya kujenga tuta.

Njia ya tatu: kubadili ua

Ukiniuliza ni nini hasa ulichokipenda kwenye azalia, huenda utasema rangi ile ya pinki iliyojaa. Rangi hiyo ipo kwenye mimea inayoikubali Dodoma. Miwili naitaja: bogenvilia na waridi la jangwa.

Maji. Bogenvilia ikishashika mizizi, baada ya msimu mmoja hivi, inaweza kukaa wiki mbili bila tone, na kwa kweli inachanua zaidi ikibanwa maji. Anayeimwagilia kila siku anapata majani na miiba. Waridi la jangwa linatunza maji kwenye shina lake nene; linamwagiliwa udongo ukishakauka, na miezi ya ubaridi linapopukutisha majani karibu uliache kabisa. Zote mbili zinavumilia maji magumu kuliko azalia.

Udongo. Wowote usiotuamisha maji. Udongo mwekundu wa kichanga wa vilimani unazifaa. Kwenye mbuga inua kidogo, hasa kwa waridi la jangwa, ambalo ugonjwa wake mkubwa ni kuoza shina kwa kupendwa kupita kiasi.

Jua na upepo. Jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini bogenvilia inageuka kamba ndefu isiyo na rangi.

Kazi. Bogenvilia inataka mkasi na glavu mara mbili tatu kwa mwaka, la sivyo inachukua geti. Waridi la jangwa halina kazi, na hapo ndipo wapenda bustani wanapochoka nalo.

Maua. Rangi ya bogenvilia si maua. Ni majani yaliyovaa rangi, ua lenyewe ni lile jeupe dogo katikati. Nani anajali? Inawaka miezi mingi ya mwaka, kiangazi kikikolea ndiyo kwanza inapamba moto.

Usalama. Bogenvilia ina miiba, na mbuzi hupenda chipukizi zake, lakini huota tena. Waridi la jangwa ni jambo jingine: utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale ya kuwindia. Ukilikata, nawa mikono.

Zinamfaa nani: mwenye mgao wa maji, msafiri, ofisi, shule, makaburi ya familia, na mtu asiyetaka kuamka na wasiwasi wa ua.

Azalia ikianza kulalamika

Ukichagua tuta au chungu, matatizo yatakuja. Usikimbilie duka la pembejeo kabla hujaangalia jani lenyewe.

Majani machanga yana manjano, mishipa imebaki ya kijani: hii ni njaa ya chuma, na kwa Dodoma ndiyo namba moja. Badili maji kwanza. Kisha nyunyiza mbolea ya chuma aina ya cheleti (chuma kilichofungwa ili mmea ukichukue kwa urahisi) ili ipate nafuu huku salfa ikifanya kazi yake chini. Ukimwaga chuma bila kubadili maji utarudi palepale ndani ya mwezi.

Manjano ikianzia kwenye majani ya zamani, ya chini, na mti mzima ukapauka, hapo ni upungufu wa naitrojeni. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) inafaa kwa sababu inaongeza uchachu. Mbolea ya CAN iache, ina chokaa. Kwa chungu, kijiko cha chai kilichoyeyushwa kwenye lita 5 kinatosha, kila baada ya wiki sita wakati inaota. Samadi mbichi na majivu, mambo tunayoyapa kila mmea kwa mazoea, azalia haiyataki kabisa.

Kingo za majani zimekuwa kahawia na kukauka: ni upepo, au chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu, ni chumvi. Mwagia maji ya mvua mengi yapite chini mara tatu.

Majani yananyong'onyea na udongo umelowa: usiongeze maji! Watu wengi humalizia mti hapo. Mizizi inaoza kwa kuvu. Itoe, tazama mizizi. Ya kahawia na laini kata, panda upya kwenye udongo mkavukavu. Kama yote imekuwa hivyo, choma mti na usitumie udongo ule tena kwa azalia.

Juu ya jani kuna vidoa vidogo vyeupe kama limenyunyiziwa unga: geuza jani. Vidoa vyeusi kama vya wino chini yake ni kazi ya mdudu mdogo mwenye mbawa kama lesi. Ukigonga tawi juu ya karatasi nyeupe na nukta zikatembea, ni utitiri mwekundu, ambao unapenda sana kiangazi chetu. Kwa wote wawili anza na maji ya nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha sabuni ya maji iliyozimuliwa ukinyunyiza majani tu jioni. Mwenye jua kali na wadudu wengi mara nyingi ni mtu yuleyule, sogeza kivulini.

Hali yako ikoje?

Una tangi la lita 5,000, nyumba yako, na uvumilivu: jenga tuta wakati wa kiangazi, acha salfa ifanye kazi, panda mvua za Desemba zikianza. Anza na kichaka kimoja hata kama tuta ni la vitatu.

Una simtanki moja au madumu tu, na baraza lenye kivuli cha mchana: chungu. Kimoja mwaka wa kwanza.

Unategemea kisima peke yake, huna pa kuhifadhi mvua: bogenvilia ukutani, waridi la jangwa mlangoni. Ukitamani azalia, nenda kaitazame milimani.

Una mbuzi wanaozunguka: chungu cha juu au bogenvilia. Tuta lisubiri uzio.

Unasafiri kikazi kila mwezi: njia ya tatu, isipokuwa nyumbani kuna mtu anayelipenda ua hilo kuliko wewe.

Na kama umeshaletewa azalia ya zawadi, imejaa maua, ipo mezani na hujui pa kuanzia: iweke karibu na dirisha la mashariki, toa ile karatasi inayong'aa iliyofungiwa chungu kwa sababu inatuamisha maji, izamishe kwenye maji ya mvua kama ni nyepesi, na usiipe mbolea yoyote mpaka maua yaishe. Kisha siku ya kupogoa itakapofika ndipo uamue inahamia wapi.